Meneja wa Bei Nafuu

Apolinaria alianza kazi katika kampuni moja ya asali mjini Tabora akiwa mpimaji wa ubora, msichana wa koti jeupe anayeonja kila ndoo inayoshushwa kutoka porini. Miaka kumi na tisa baadaye bodi ikamfanya meneja mkuu, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho. Aliyempandisha ngazi zote hizo ni mzee Wenceslaus, meneja aliyemtangulia. Alipostaafu, mzee alirudi kwao Kaliua kulima. Apolinaria alimheshimu kama baba yake mzazi.

Mwaka wa tatu wa umeneja wake akasikia mzee amepata kiharusi. Jumamosi akapanda treni kwenda kumjulia hali. Alimkuta amekaa barazani, mkono wa kushoto umelegea, ila maneno yanatoka vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Vipi, ile nyumba ya kampuni inakufaa?"

"Nyumba ipi, mzee? Mimi nimepanga mtaa wa Ng'ambo."

Mzee akatazama pembeni. Apolinaria akaanza kuuliza: nyumba, ada za watoto, mshahara. Mzee alikuwa akipewa vyote. Yeye hakuwa na nyumba wala ada, na mshahara wake haukufika nusu ya ule.

"Nani aliamua hivyo?"

"Mimi," mzee akasema. "Bodi walishapata mwanamume kutoka Dar. Nikawaambia wewe una mume mwenye kazi, hutawagharimu. Ndipo wakakubali. Nilikuwa nakutafutia nafasi, mwanangu."

Apolinaria akamsaidia kunywa uji, akaaga.

Ndani ya treni aliona aibu zaidi ya hasira. Miaka yote mitatu aliamini walimchagua kwa sababu hakuna aliyeijua asali kumshinda.

Mumewe Hilari, mwalimu wa sekondari, alimsihi anyamaze. Hakunyamaza. Aliandika barua kudai alipwe kama mzee, na mwenyekiti wa bodi, Bwana Anton, akamwita.

"Mama, mkataba ulisaini mwenyewe. Nani alikushika mkono?"

"Nilisaini bila kujua mwenzangu alikuwa akipata nini."

"Haya, tutaliangalia."

Hawakuliangalia. Mkataba ulipokwisha hawakuuongeza. Nafasi akapewa Ezekia, msaidizi ambaye Apolinaria mwenyewe alimfundisha kazi, na kabla ya mwezi kuisha alishahamia kwenye nyumba ya kampuni.

Masika mzee Wenceslaus akafariki. Apolinaria alikwenda Kaliua kuzika, akasimama nyuma ya watu wote. Wenzake wa zamani walilia. Yeye machozi hayakuja, na chuki pia aliitafuta asiione.

Siku hizi yuko nyumbani, ameomba kazi sehemu mbili, bado hajajibiwa. Ezekia humpigia simu karibu kila wiki.

"Shikamoo, mama. Samahani, hii asali ya Sikonge imezidi maji, tufanyeje?"

Naye humweleza hatua kwa hatua, taratibu, mpaka kijana aelewe.