Rangi ya Uso wa Wekulo

Kufikia saa tisa alasiri, macho ya Muhonja yalikuwa yamechoka kiasi kwamba kila uso kwenye skrini ulionekana wa rangi ya matope. Tangu asubuhi alikuwa amesahihisha picha za harusi mbili na za kwaya moja ya Majengo. Ilikuwa mwaka wa 1998, na huu ulikuwa mwaka wake wa pili kwenye kompyuta ya Irungu, mwenye studio mtaani Ziwani. Kazi yake ilikuwa kuzifanya picha zilizopigwa mahali tofauti zionekane kama zimepigwa siku moja.

Mteja wa mwisho, Nasike, aliketi kwenye benchi na bintiye Triza, mtoto wa miaka sita. Mumewe, Wekulo, alifariki kabla Triza hajazaliwa. Nasike alitaka baba na mwana wawe kwenye picha moja, kwa sababu Jumamosi angempeleka mtoto Bungoma kwa mara ya kwanza, kwa wazazi wa Wekulo.

Picha ya Wekulo ilikuwa imekaa ukutani miaka mingi, jua likaigeuza nyekundu kama tofali. Muhonja alitafuta kitu ambacho rangi yake haikuwa na shaka, akaipata kola ya shati jeupe. Akapunguza wekundu kidogo kidogo mpaka kola ikawa nyeupe. Uso nao ukabadilika, ukawa mweusi wa kung'aa.

"Ndiye huyo!" Nasike akasimama. Kisha akamtazama Triza wa kwenye skrini, aliyewekwa kando ya baba yake, maji ya kunde. "Sasa huyu mfanye awe kama baba yake."

"Nimeshalinganisha mwanga, dada. Tazama mabega yao."

"Si mwanga. Ngozi."

Muhonja akaondoa mkono kwenye meza.

"Mama mkwe alisikia mtoto ni mweupe," Nasike alisema kwa sauti ya chini. "Akatuma neno kwamba kwao hakuna mtoto wa rangi hiyo."

Irungu, aliyekuwa akikata karatasi mlangoni, akacheka. "Na mtoto mwenyewe si mnaenda naye? Ama utampaka kiwi ya viatu?"

"Irungu, hebu nyamaza," Muhonja akamkemea.

"Mtoto atarudi na mimi Jumapili," Nasike akajibu bila kugeuka. "Picha itabaki kwa ukuta wao."

Muhonja hakuwa na nguvu za kubishana. Akauzungushia uso wa Triza mstari, akautia weusi. Midomo ikawa ya kijivu. Akarudia. Meno yakawa ya samawati. Akarudia tena, na tena, mgongo ukimuuma, mpaka karatasi ikatoka kwenye printa ikiwa safi.

Kama alivyozoea kufanya kila mwenye picha anapokuwapo, aliichukua karatasi akaiweka kando ya shavu la Triza ili alinganishe. Mtoto akatulia kama anayepimwa gauni.

Nasike alitazama karatasi, akatazama shavu, akatazama karatasi tena.

"Huyu ni mtoto wa mtu mwingine."

"Si ni wewe uliyesema..."

"Nilisema. Mrudishe."

"Mama Triza, nimekaa hapa saa moja na nusu."

"Najua, dada. Nisamehe. Lakini wakimkataa, wamkatae yeye."

Irungu akarudia kukata karatasi zake. Muhonja alifikicha macho, akaketi, akafuta kazi yote ya ule uso. Picha ilipotoka upya, baba alikuwa mweusi na binti maji ya kunde, mwanga uleule ukiwaangukia wote wawili.

Nasike aliishika kwa ncha za vidole. "Niambie ukweli. Wanafanana?"

Muhonja alitazama kwa muda mrefu. Nyuso zilikuwa zikimchezacheza.

"Sijui, dada. Nimetazama mpaka sioni tena."

"Hata mimi," Nasike akasema. Akaiweka picha katikati ya magazeti mawili, akamshika Triza mkono, wakatoka.