Mama mkwe, LSD mbili na kilima cha Busiu

Wakuu, habari za mchana.

Nitasimulia kama ilivyokuwa, chumvi siongezi. Anayebisha aje Kimaka hapa Jinja, pickup yenyewe ipo.

Mimi ni Mkenya, nimeoa Mbale. Kwa Wagisu, kama kwetu Wabukusu, mwanaume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hamshikani mikono, hamli pamoja. Kupanda gari moja ndiyo kabisa!

Msimu wa mvua uliopita mama mkwe wangu alizidiwa na kifua, kwao ndani ndani huko Busiu. Pumzi ilikuwa inakatika. Hospitali iko Mbale, na kabla ya lami kuna barabara ya udongo yenye kilima kibaya.

Tulikuwa na pickup yangu na saloon ya shemeji yangu Mafabi. Bila hata kujadili, mama akapandishwa kwa Mafabi, mimi nikafuata nyuma na mizigo. Heshima, bwana.

Sasa somo kidogo. Magari yote mawili yanasukumwa na tairi za nyuma, na yote yana LSD, yaani difu isiyoruhusu tairi moja kuteleza peke yake. Difu ndiyo gia inayogawa nguvu kwa tairi mbili za nyuma; ya kawaida, tairi moja likiteleza, nguvu yote inakimbilia huko huko. LSD inazuia hilo, ila hazifanani.

Yangu ni ya clutch plates, visahani vinavyosuguana. Zinabanana mara moja, tairi zote mbili zinasukuma. Ya Mafabi ni viscous: lazima tairi lizunguke kwanza ndipo mafuta mazito ya ndani yaanze kubana. Kwenye lami ni tamu, lakini ikizeeka inachoka.

Na yake imezeeka.

Katikati ya kilima tairi la kushoto likaanza kuzunguka. Mafabi akakanyaga mafuta, gari likajichimbia mpaka likalalia tumbo. Nikamsikia mama anakohoa mle ndani, nikaogopa kweli kweli. Gari la kupanda kile kilima ninalo, na yeye hawezi kukaa nami.

Mafabi akashuka, tope mpaka magotini. "Bwana, hii gari inazunguka bure. Sasa tufanye nini?"

Mama ndiye aliyetutoa ujinga. Alisema maneno machache ya Kigisu, Mafabi akanitafsiria huku anatazama chini: "Anasema gari si mkwe. Wewe toka kwenye pickup, mimi mwanawe niiendeshe."

Wanaume wazima wawili, wakuu, na hatukuwaza kubadilishana funguo!

Nikampa. Nikageukia migomba mpaka mama akapanda. "Gia ya pili, mafuta kidogo kidogo," nikamwambia Mafabi. Pickup ikapanda polepole, haikusimama. Mimi nikabaki na koleo, nikichimbua saloon.

Mama aliwahi hospitali, akapona.

Funzo: ijue LSD yako kabla ya mvua. Ya plates ina mafuta yake maalum, usiweke ya kawaida. Wenye Torsen, ile LSD ya gia tupu, tairi likining'inia hewani mnafanyaje? Tupeni uzoefu.

Siku hizi mama akienda kliniki anaagiza ile pickup. Na kila mara anasisitiza: mwenye gari abaki Jinja.