Bandi kwenye Vazi la Jemadari

Fundi alivuliwa nguo aliyoishona mwenyewe, ndani ya stoo ya wodi ya watoto, kati ya ndoo za deki na rundo la magodoro. Aliyemvua hakuwa mwizi. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi chao.

Kikundi chenyewe kilikuwa cha watu wazima na akili zao, waliopenda katuni moja ya televisheni ya askari wa angani mpaka wakaanza kuvaa kama wahusika wake na kwenda hospitali kuwachangamsha watoto. Siku za kazi usingewadhania: karani wa posta, mwalimu wa hesabu, na Mwenyekiti, muuza matairi ambaye kwenye kikundi alikuwa Jemadari, mkuu wa askari hao. Wote hao Fundi ndiye aliyewashonea. Yeye mwenyewe alikuwa Bibi Radi, yule ajuza anayerusha umeme kwa vidole, na kwa miaka sita hakutokea wa kumfikia. Mtoto aliyegoma kumeza dawa, Bibi Radi akimnyooshea kidole tu, alimeza huku anacheka.

Siku hiyo mpiga picha wa gazeti alikuwa njiani. Mwenyekiti akamvuta Fundi pembeni.

"Dada, leo Bibi Radi atavaa shemeji yangu. Picha inataka sura changa. Usinielewe vibaya."

"Bibi Radi ni ajuza," Fundi akasema. "Sura changa ya nini?"

"Usitucheleweshe, dada yangu. Watu hao wanaingia."

Akavua. Ndani alibaki na shimizi tu, maana vazi lile lilikuwa na joto la tanuri, na nguo zake alikuwa ameziacha kwenye gari la Mwenyekiti. Mwenyekiti naye alishatokomea na ufunguo. Muuguzi mkuu ndiye aliyemkuta kajibanza nyuma ya mlango, akampa shuka la wodi ajifunge. Fundi akatoka hivyo, akapita kwenye foleni ya wagonjwa wa nje, mhuri wa hospitali ukimkaa begani. Watu walimpisha wakidhani katoroka kitandani.

Gazeti lilipotoka, Mwenyekiti alikuwa katikati ya picha na vazi lake la Jemadari, kifua mbele, na chini yake maneno yake mwenyewe: "Mavazi yote nimeyashona mimi, kwa mikono yangu." Fundi alisoma mara tatu. Halafu akauchukua mkasi wake wa vitambaa, ambao nyumba nzima ilijua haugusi karatasi, akaikata ile picha na kuibandika juu ya cherehani.

Binti yake, mwalimu wa chekechea, aliuona mkasi mezani pamoja na vipande vya gazeti.

"Mama, umekatia karatasi?"

"Nimekatia."

Binti akavikusanya vile vipande. Alijua hapo mambo yamefika mbali.

Miezi miwili Fundi alishona sare za shule na mapazia, na kila alipoinua macho, uso ule ulikuwa unamcheka. Aliwaza kumchafulia jina mtaani, akaona haitoshi. Aliwaza kwenda dukani kwake kumtolea maneno, akaona ni kujishusha. Alichotaka ni kimoja: naye avuliwe, mchana kweupe, mbele za watu.

Ndipo Mwenyekiti akaja kwa miguu yake, vazi la Jemadari kwenye mfuko. Kulikuwa na hafla uwanjani pa hospitali ya kuchangia wodi mpya ya watoto, na kitambi kilikuwa kimevizidi vifungo. Kuomba radhi hakukumbuka.

"Niachie kidogo kiunoni, dada."

"Lete," Fundi akasema. Akampima huku ameuma pini, akamwambia avute pumzi, asitikisike.

Alipoondoka, Fundi akafumua vazi zima, mshono kwa mshono. Kisha akalirudishia kwa bandi tupu, ile mishono mirefu ya kushikiza ambayo fundi huipiga kwa mkono kabla ya kupitisha mashine. Ukivuta uzi, kila kitu kinaachia.

"Mama, hizi hujazipitishia mashine," binti yake akasema.

"Najua."

"Watakuwepo watoto pale."

"Wacheke. Ndiyo kazi ya kikundi."

Siku ya hafla Fundi alisimama karibu na bomba la maji, mikono kifuani. Mwenyekiti akapanda jukwaani, akainua upanga wake wa mbao kula kiapo cha Jemadari, na mkono wa kulia wa vazi ukabaki umening'inia kwenye kiwiko. Akaushika, kifua kikafunguka. Akainama kuokota bamba la kifua, suruali ikamvuka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Akabaki na fulana ya matundu na bukta iliyopauka.

Uwanja ulinyamaza. Fundi alikuwa ameusubiri ukimya ule kwa miezi miwili, na ulikuwa mtamu kuliko alivyowaza. Lakini haukukaa. Mtoto mmoja kwenye kiti cha magurudumu alipasuka kwa kicheko, wenzake wakafuata, na Mwenyekiti, ambaye kwa kusoma umati hana mpinzani, akapiga saluti na bukta yake. Wakamshangilia. Mgeni rasmi akafuta machozi kwa tai.

"Nimempandisha cheo," Fundi alimwambia binti yake jioni.

Baada ya hapo hospitali nyingine zikaanza kumwita Jemadari anayevukwa na nguo. Mwenyekiti akajaribu kujifanyia mwenyewe kwa pini. Kwanza zikamchoma ubavuni, nguo isidondoke. Mara ya pili ikadondoka getini, mbele ya walinzi peke yao. Wiki ya tatu akaja kwa Fundi, safari hii akabisha hodi na kusubiri.

"Ulikusudia," akasema.

"Nilikusudia."

"Ungeniua kwa aibu."

"Ndivyo nilivyotaka."

Mwenyekiti akaangalia picha yake ukutani, kisha akaangalia chini. "Nishonee tena vile vile."

Fundi hakuacha kazi mkononi. "Utasema mbele ya kikundi na muuguzi mkuu nani alishona, na kwa nini nilitoka pale na shuka. Gazeti nalo utaliandikia. Bibi Radi ni wangu, shemeji yako atafute pa kwenda. Na uzi nitauvuta mimi."

Yote akayatimiza. Gazeti lilichapa mistari minne, ukurasa wa ndani.

Sasa wanazunguka pamoja. Bibi Radi ananyoosha kidole, anavuta, Jemadari anabaki na bukta, na wodi nzima inavunjika mbavu. Juzi, kwenye korido, Mwenyekiti alikuwa anakusanya vipande vyake sakafuni akamuuliza kwa sauti ya chini, "Dada, bado tu hujaridhika?"

"Bado," Fundi akamjibu, akaingia wodi ya pili.

Humo alikaa kitandani kwa mtoto mmoja, akampigisha soga kwanza, bila haraka, huku Jemadari amesimama katikati ya chumba, jasho linamtiririka, hajui atavutwa saa ngapi.