Mchezaji wa Pili Kwenye Kompyuta ya Oti

Sina haja ya kukudanganya. Mimi ni fundi wa kompyuta, nina kibanda changu Donholm, na kazi yangu kila siku ni kuwaambia wateja kwamba mashine yao haina pepo, ina vumbi. Sasa mtu kama mimi atamsimulia nani kisa hiki bila kuchekwa? Nilikinyamazia muda mrefu. Lakini niliona kwa macho yangu, saa tisa mchana, siku ya Jumapili, nikimenya viazi. Anayetaka kucheka acheke.

Ndugu yangu mdogo anaitwa Otieno, sisi humwita Oti. Rafiki yake wa kufa na kuzikana alikuwa Maina wa Kayole, ambaye mtaa mzima ulimwita Maich. Wawili hao walikulia ndani ya saiba moja, mahali palipokuwa na kompyuta kumi mbovu zilizounganishwa kwa waya ili vijana wapigane kwenye mchezo wa bunduki. Ule wa zamani, ambao huoni mwili wako, unaona mikono tu na mtutu mbele yako. Walipomaliza shule wakapata kibarua kwenye ghala moja la Industrial Area. Asubuhi moja magunia yaliyopangwa mpaka karibu na dari yakaporomoka. Oti alikuwa ametoka kunywa maji. Maich alikuwa ndani.

Baada ya mazishi Oti aligeukia ukuta. Nasema ukuta wenyewe, ule wa chumba chetu, wenye rangi ya kijani. Alilala akiutazama miezi minane. Mama alileta wachungaji wawili na mshauri wa hospitali, wote wakanywa chai wakaenda. Mama yake Maich naye alituma watu mara tatu, akimwomba Oti aende tu amweleze asubuhi ile ilikuwaje, maana ndiye aliyekuwa na mwanawe. Oti hakwenda. Hebu fikiria mama anayesubiri maneno hayo miezi minane. Mimi nilimkasirikia sana ndugu yangu, nakiri.

Halafu siku moja, bila kugeuka, akasema, "Sistee, unaweza nitaftia ile game yetu?"

Mtu mzima, rafiki amezikwa, mama wa watu analia, na yeye anataka kucheza? Nilimeza tusi. Nikamtafuta mwenye ile saiba, ambaye siku hizi anafuga kuku, akanipa flashi yenye mchezo mzima. Nikauweka kwenye laptopu yangu mpya. Ukagoma. Skrini nyeusi tii. Nikaulazimisha ukafunguka, lakini loh! Watu wa mchezoni wakawa wanatimka kama kuku waliomwagiwa maji ya moto, na ukiigusa mausi kidogo tu unazungushwa mpaka unasikia kichefuchefu. Nikatangaza kwa sauti ya kitaalamu kwamba ni virusi.

"Si virus," sauti ikatoka kule ukutani. "Hiyo mashine yako iko na mbio sana. Game ni ya mashine za kitambo. Ifungie kwa core moja."

Alikuwa na maana kwamba kompyuta za siku hizi zina akili nyingi zinazofanya kazi kwa pamoja, na mchezo wa zamani unataka akili moja tu. Nikafanya hivyo, mbio zikapungua. Kesho yake akasema, "Punguza frame, weka sixty." Nikapunguza picha zinazopita kila sekunde ziwe sitini, skrini ikatulia. Siku ya tatu nilikuwa nahangaika na sura zilizovutwa upana wa skrini mpaka kila mtu akawa mnene, nikasikia kitanda kinalia. Oti alikuwa ameketi. Akaninyang'anya mausi akasema, "Toka hapo, unaniharibia." Niamini, hakuna matusi yaliyowahi kunifurahisha kama hayo. Nilienda jikoni nikalia.

Sasa, ili unielewe, lazima nikuambie sheria ya saiba ile. Ukipigwa ukafa, mchezo hukurudisha kwenye kona fulani, na wenye roho mbaya hukuvizia papo hapo wakumalize tena. Vijana wetu waliikataza tabia hiyo. Anayerudi haguswi mpaka aruke mara mbili. Kuruka ni kusema niko sawa, tuendelee. Wageni kutoka mitaa mingine hawakuijua, na walifunzwa kwa makofi.

Basi Jumapili ile Mama alikuwa kanisani. Oti alikaa mezani, mimi kwenye stuli na karai la viazi. Alifungua uwanja ambao yeye na Maich walikuwa wameuchora wenyewe, wenye magorofa yetu, ngazi zetu, na tangi la maji. Mtandao nilikuwa nimeuzima kwa mkono wangu, kwa sababu mchezo ule ukiuona hupoteza muda kutafuta seva zilizokufa zamani. Maadui wa kompyuta sikuwa nimeweka hata mmoja. Oti alitaka tu kutembea mtaani kwao.

Nikamwona ameacha kusogea.

Chini ya tangi alisimama mtu, bunduki imeelekea chini. Oti akabonyeza kitufe cha kuonyesha majina ya wachezaji. Yalikuwa mawili. La pili lilikuwa la Maich, lile lile alilotumia saiba.

Nikakagua mtandao: umezimwa. Nikakagua waya: hakuna. Uliza fundi yeyote, mchezaji wa pili angetoka wapi? Oti akasogea kushoto, yule akageuza kichwa kumfuata. Hakupiga. Alingoja tu, na sisi tukangoja, mpaka kisu cha viazi kikaniponyoka mkononi.

"Ruka, Oti," nikanong'ona. "Anakungoja wewe."

"Siwezi. Nikiruka itaanza. Ikianza itaisha."

Nilinyoosha mkono niizime ile laptopu. Niliogopa, nani asingeogopa? Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe wakati yule wa chini ya tangi aliporuka. Mara moja. Mara mbili.

Oti akashika kichwa. "Ni yeye ndio amerudi," akasema. "Sistee, si mimi. Ni yeye. Anasema ako sawa."

Akalia kama mtoto, kisha akashika mausi. Walicheza. Ndugu yangu alipigwa vibaya, akapigwa tena, akaanza kutukana na kucheka kwa pamoja, kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau. Sijui ilikuwa nusu saa au zaidi. Nilipotazama tena orodha, jina lilikuwa moja.

Oti alifunga laptopu taratibu. Akauliza viatu vyake viko wapi. "Naenda kwa mathe wa Maich," akasema, "kabla niogope tena."

Niliacha viazi kwenye maji nikamfuata mpaka Kayole, nyumba ambayo alikuwa ameikwepa tangu mazishi. Mama Maich alifungua mlango akiwa na leso kiunoni. Hakumlaumu. Alimketisha, akamshika mkono, na mimi nikajikaza, nikijua atauliza kama mtoto wake aliumia sana, kama aliita mtu.

Akauliza, "Hiyo asubuhi, alikuwa amekula?"

"Alikula, mathe," Oti akajibu. "Chapo mbili na ndengu. Akamaliza na yangu."

Mama yule akacheka huku machozi yakimtiririka. "Huyo ni wangu," akasema. "Huyo ni wangu kabisa." Ndipo Oti akamweleza yote, tangu walipofika ghalani, na giza likatukuta pale pale.

Siku hizi Oti ni fundi kibandani kwangu, na watu humletea michezo yao ya zamani kutoka mbali. Laptopu ile siiuzi. Jina la pili halijaonekana tena, na sitadanganya, mimi huangalia.

Basi nakuonya wewe unayenisikiliza. Ikiwa nyumbani kwako kuna mtu ameutazama ukuta, na siku moja akakuomba kitu cha kipuuzi, usimwambie akue. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia hivyo. Nikikumbuka, naogopa kuliko nilivyoogopa siku ya lile jina.