Mama wa Namba Tisa

Claudine anauza maharage na mawese katika soko la Kasulu, na wengi wanaonunua kwake hawalijui jina lake. Wanamwita Mama Mpawe, kwa ajili ya binti yake wa kwanza, Mpawenimana, aliyeanza kuwapita walimu wake kwa urefu akiwa darasa la sita. Watawa wa shule moja ya sekondari ndio waliompa mpira wa kikapu, wakamkataza kuinamisha mabega kama wafanyavyo wasichana warefu. Alipomaliza kidato cha nne, klabu moja ya Dar es Salaam, Upanga Nyota, ikamchukua. Baba yake, Ildefonsi, Muha wa Muyama anayechoma matofali, alimsindikiza hadi stendi, kisha akarudi tanuruni akafanya kazi hadi usiku.

Claudine mwenyewe hakuzaliwa upande huu. Mama yake alimleta akiwa mtoto, wakikimbia vita Burundi, akakulia kambini Mtabila. Ildefonsi alikuwa akipeleka ndizi kwenye soko la kambi, na huko ndiko walikojuana. Kambi ilipofungwa, malori yaliwachukua mama yake na ndugu zake kuwarudisha kwao. Yeye akabaki kwa mumewe. Leo ni raia, anapiga kura, anachangia misiba na harusi za mtaa, na Kiha chake hakina tofauti na cha jirani isipokuwa akikasirika. Hata hivyo, mtu akitamka "Mrundi" popote pale sokoni, hata kama anamzungumzia mwingine kabisa, Claudine huinua kichwa. Neno lenyewe halina ubaya. Ubaya uko katika namna linavyotoka mdomoni.

Mwaka jana Upanga Nyota walifuzu mashindano ya vilabu vya wanawake vya Afrika. Kundi lao lilichezwa Kigali: timu nne, kila moja icheze na wenzake, mbili za juu zisonge mbele. Kasulu hatuna habari na kikapu. Sisi ni watu wa mpira wa miguu. Lakini Abdulrahmani, mwenye mkahawa kando ya soko, aliposikia kwamba namba tisa wa Upanga ni mtoto wa Mama Mpawe, aliwafungulia watu televisheni yake. Mchezo wa kwanza walikuja kwa udadisi, wa pili wakaja kwa mapenzi. Claudine ule wa kwanza hakuuona. Alikuwa Busunzu, kule Kibondo, akikusanya maharage ya wakulima, na habari ya ushindi ilimfikia kwa simu akiwa juu ya magunia. Wa pili aliutazama akiwa amesimama mlangoni, mtandio mdomoni. Wakashinda tena.

Ukabaki mchezo mmoja, na huo ulikuwa dhidi ya timu ya Bujumbura.

Jioni ya kuamkia mchezo huo Mpawe alimpigia mama yake. Sauti yake ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyetoka kulia. Alisema amekutana na Nkunzimana. Claudine hakuhitaji kuambiwa ni Nkunzimana yupi. Kambini, kwa bibi yake Mpawe, watoto wale wawili walilala mkeka mmoja na kula sahani moja, na siku ya malori ilibidi watu wazima wawabandue mikono. Sasa Nkunzimana alikuwa mchezaji wa timu ile ya Bujumbura, na walikuwa wamekutana kwenye ukumbi wa chakula wa hoteli, wakakumbatiana mpaka chakula kikapoa. Asubuhi Claudine alikifikisha kisa hicho sokoni kwa furaha. Aliwasimulia wenzake, nao wakawasimulia wateja, na hadi saa sita soko zima lilikuwa nacho.

Mchana ule mkahawa ulijaa hadi barazani. Mwanaamina, mke wa Abdulrahmani, alimwekea Claudine kiti pembeni, karibu na mlango wa jikoni. Mbele kabisa alikaa Nurudini, muuza vipuri vya pikipiki, ambaye katika siku zile chache alikuwa amegeuka mwalimu wa kikapu wa mji mzima. Yeye ndiye aliyewafafanulia watu kwa nini mtupo huu una pointi mbili na ule tatu. Siku hiyo aliwaambia kwamba Wamsumbiji, walio kundi hilohilo, wameshinda asubuhi, kwa hiyo atakayefungwa sasa safari yake imekwisha. Hakuna aliyembishia.

Mchezo ulikuwa mgumu tangu mwanzo. Upanga wakitangulia, Bujumbura wanawafikia. Bujumbura wakitangulia, wenzao hawawaachi waende mbali. Nkunzimana ndiye aliyepewa kazi ya kumkaba Mpawe, na alimkaba bila huruma. Mara moja walianguka pamoja, wakasaidiana kuinuka, na mtu mmoja nyuma akacheka kicheko ambacho Claudine hakukipenda. Robo ya nne ilipokaribia kwisha, Bujumbura walikuwa mbele kwa pointi tatu. Zilibaki sekunde chini ya ishirini, na mpira uko mkononi mwa namba tisa.

Pointi tatu. Mtupo mmoja wa mbali ungesawazisha, wakaenda muda wa nyongeza. Kila mtu mkahawani aliijua hesabu hiyo, kwa kuwa Nurudini alikuwa ameisema kwa sauti. Waliokaa wakasimama. Mpawe alipita katikati ya uwanja akidunda mpira, akafika mahali ambapo katika michezo miwili iliyopita alikuwa ametupa na kufunga. Nkunzimana alisimama mbele yake, mikono juu, lakini hatua mbili nyuma. Nafasi ilikuwepo. Mpawe akatazama benchi lao. Kisha akarudi nyuma.

Watu wakapiga kelele atupe. Akaendelea kudunda. Akahamia upande wa kushoto, akarudi kulia, mpira chini, mwili umeukinga mpira kama mtu anayekinga kibatari na upepo. Claudine alijikuta amesimama na yeye, midomo inasema "tupa, mwanangu, tupa," bila sauti. King'ora kikalia mpira ukiwa bado mikononi mwake.

Halafu, mbele ya macho ya watu wote, Mpawe na Nkunzimana wakakumbatiana. Walikumbatiana kwa nguvu, wanaruka, wanalia.

Hapo umeme ukakatika.

Mle ndani kukaingia giza. Nurudini ndiye aliyesema kwanza, tena kwa upole, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba.

"Ameuza mchezo."

Mtu mwingine akasema damu nzito kuliko maji. Wa tatu akakumbusha kwamba jana tu walikuwa wakila pamoja hotelini, mama mtu mwenyewe kasema. Na hapo neno lile likatoka, na namna lilivyotoka ilikuwa ile mbaya. Abdulrahmani aliwaambia waache, humu ni mahali pake pa biashara, lakini alisema kwa sauti ya mtu ambaye naye hajui aamini nini.

Claudine alitoka pale penye mlango wa jikoni akaja mpaka kati yao. Wakampisha.

"Huyo mtoto ni wangu," alisema. "Kama mna la kusema, semeni nikiwa hapa."

Nurudini akatazama chini. Alisema hawana ugomvi naye, ni jirani yao, ila angependa kusikia kutoka kwake jambo moja tu. "Ile nafasi, Mama Mpawe. Uliiona. Kwa nini hakutupa?"

Claudine alikitazama kioo cheusi cha televisheni. Alichukua kikapu chake akaondoka.

Kutoka sokoni hadi kwake si mbali, ila siku ile njia ilirefuka. Alipiga simu ya Mpawe akitembea, haikupatikana. Akapiga tena. Kilichomtesa hakikuwa maneno ya wale watu. Maneno ya namna ile alikuwa ameyasikia toka utotoni, na alishajifunza kuyapitisha. Kilichomtesa ni kwamba aliiona ile nafasi. Aliuona na ule mkumbatio. Anamjua binti yake, moyo wake mwepesi, jinsi alivyokataa kula wiki nzima lori lilipomchukua rafiki yake. Je, kama kweli? Alilisukuma wazo hilo, likarudi. Akalisukuma tena, likakaa.

Ildefonsi alikuwa ameketi nje ya nyumba, udongo umemkauka miguuni. Hakwenda mkahawani kwa kuwa moyo wake, alisema, hauwezi mambo ya televisheni. Claudine alimweleza yote kwa kifupi, mpaka lile swali la Nurudini. Ildefonsi aliuliza wamefungwa kwa pointi ngapi. Tatu, akajibiwa. Akaanza kubandua udongo miguuni.

"Nawe unamfikiriaje?" Claudine akamuuliza.

"Humura," alisema Ildefonsi kwa Kiha, maana yake atulie. "Atapiga simu mwenyewe."

Hilo halikuwa jibu, na wote wawili walilijua hilo. Wakiwa bado pale, pikipiki moja ilipita polepole ikiwa na wanaume wawili, na yule wa nyuma akawasemea neno lile bila kugeuza uso. Ildefonsi aliinuka. Claudine akamshika mkono, akamwomba aketi. Mtaa ule walikuwa wamejenga kwa matofali ya mkono wa Ildefonsi mwenyewe, watoto wao watatu wamebatizwa kanisa la pale juu, na hata hivyo Claudine alijiona yuko tena Mtabila, akisikiliza malori yanavyounguruma asubuhi bila kujua nani ataitwa.

Jua lilikuwa linazama simu ya Ildefonsi ilipolia. Nyuma ya sauti ya Mpawe kulikuwa na nyimbo na vigelegele, na Claudine akashindwa kuelewa watu waliofungwa wanaimba nini. Mtoto aliwaamkia, akaanza kusema haraka haraka. Mama yake akamkatiza.

"Kwa nini hukutupa?"

Nyimbo ziliendelea. Mpawe akatoka nje, maana zile sauti zilififia.

"Mama," alisema. "Hata wewe?"

Ndipo akamweleza, kwa utulivu wa mtu aliyeumia. Timu tatu zilikuwa zimelingana kwa ushindi, na zikilingana huangaliwa tofauti ya pointi. Upanga waliruhusiwa kufungwa, ila isizidi pointi tano. Kwa tatu walikuwa wamepita. Kama angetupa na kusawazisha, wangeingia muda wa nyongeza wakiwa wamechoka, wawili wao wameshatolewa kwa makosa, na huko wangeweza kufungwa hata kumi. Kama angetupa na kukosa, wenzao wangekimbia na mpira. Kocha alikuwa amemwonyesha ngumi iliyofungwa kutoka benchi: shika. Akashika. Upanga wamepita, na Bujumbura wamepita. Ndiyo maana walikumbatiana.

"Mikono ilikuwa inawasha, mama," alisema. "Unajua ninavyopenda kutupa pale. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile."

Claudine alikaa chini kwenye udongo. Alimwambia mwanawe hongera, akasema tena, na Ildefonsi akachukua simu akasema hongera naye. Kabla ya kukata, Mpawe aliuliza watu wa Kasulu wamesemaje.

"Wamefurahi," alisema Claudine. "Mji mzima umefurahi."

Umeme uliporudi, Abdulrahmani aliona matokeo na msimamo wa kundi kwa macho yake. Hakungoja kesho. Yeye na Mwanaamina walikuja hadi kwa Ildefonsi, wakabisha hodi, wakakaribishwa. Abdulrahmani alisema mguu huu ni wa heri lakini una aibu ndani yake, kwa kuwa mkahawa ni wake, na maneno yalisemwa akiwa amesimama pale. Mwanaamina alikaa karibu na Claudine kwenye mkeka, akamshika mkono mpaka walipoondoka.

Nurudini alichelewa zaidi. Siku ya soko iliyofuata alikuja kwenye meza ya Claudine, ingawa watu wa nyumbani kwake hawakuwa wateja wa meza hiyo, akasubiri zamu yake nyuma ya wanawake. Alitaka maharage. Claudine akampimia, akaongeza kidogo juu kama anavyomwongezea kila mteja.

"Mama Mpawe," alisema Nurudini, "siku ile nilisema vibaya."

"Ulisema."

Alingoja kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi. Claudine alimkabidhi mfuko wake, akamgeukia mteja mwingine. Aliyekuwa jirani yake mezani alimwambia baadaye kwamba angemsamehe tu mtu wa watu, na Claudine akasema amemsamehe, ila hajapata hamu ya kuzungumza naye.

Upanga walitolewa robo fainali, kwa pointi nyingi, na hakukuwa na la kuuliza. Mkahawa ulikuwa umejaa, na walipofungwa walimpigia namba tisa makofi. Claudine hakuwepo. Aliutazama mchezo ule nyumbani, kwenye kioo cha simu, pamoja na mumewe.

Desemba Mpawe alikuja likizo. Sokoni alipita kama bibi harusi, watu wanatoka kwenye vibanda kumsalimu, na Nurudini alimbebea begi kutoka stendi bila kuombwa. Jioni moja, wakimenya mihogo nyuma ya nyumba, Claudine aliona hawezi kuendelea kulibeba. Alimwambia kwamba siku ile ya Kigali watu hawakufurahi, na akamweleza waliyoyasema, hata lile neno.

Mpawe aliendelea kumenya. "Najua," alisema. "Niliyasoma kwenye simu siku ileile, hata kabla sijawapigia. Watu wa hapa hapa, kwa majina yao."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema wamefurahi, mama. Nikaona ndivyo unavyotaka niamini."

Claudine alitaka kusema kitu kuhusu swali lile alilomuuliza kwenye simu, lile lililokuwa limemwuma mtoto kuliko maneno ya mji mzima. Alianza, akasita. Mpawe alinyoosha mkono wake mrefu, akachukua muhogo uliokuwa mbele ya mama yake, akaanza kuumenya na huo.