Mimi, Mlinzi wa Kimalu

Katika mchezo wetu wa kuigiza falme za kubuni, mtaalamu wa majina hapa Matiliku ni mimi, na sitaki kubishana. Mwende alipotuletea ramani ya ufalme aliobuni, nilieleza kila jina. "Ndarasi ni mji wa wafalme. Kimalu ni ngome ya kale." Mwende akataka kusema kitu. Nikamwambia, "Ngoja kwanza, dada, nafundisha." Nikajipa cheo cha Mlinzi wa Kimalu, nikakichapisha kwenye tisheti.

Jumamosi mimi na Mwende tulimtembelea nyanya yake kule Mutomo, nami nimevaa tisheti yangu. Nyanya akaisoma polepole, akageukia zizi, akaita, "Kimalu!"

Beberu wa pembe moja akaja mbio. Nyanya akanikabidhi kamba yake.

"Basi mlinde, mwanangu. Jana aliingia shamba la jirani."