Choo Kisichoelekea Kibla

Ramani ya nyumba ya mama niliichora mimi, mwalimu wa darasa la pili, kwa programu ile ile ya kompyuta ninayofundishia watoto kuchora pembetatu. Unabonyeza mausi, unaburuta, mraba unatanuka. Unaushika, unaupeleka utakako. Kazi ya kitoto, lakini nikirudi kutoka skuli alasiri miguu inawaka moto, na mkono hauna nguvu hata ya kuburuta kitu kisichokuwa na uzito.

Msingi ulikwishajengwa, kwa hiyo nje sikuweza kuongeza hata shubiri. Ndani, kaka yangu anayetujengea kutoka Unguja alitaka vitu vinne: chumba cha mama, chumba changu mimi niliyeachwa nikarudi kumuuguza, jiko, na choo. Choo ndicho hasa, maana magoti ya mama hayamfikishi tena uani. Fundi alikuwa anaisubiri ramani.

Choo nikakibandika pembeni, kwenye kijisehemu chembamba kilichobaki. Kikaenea sawasawa. Nikamwita mama aje aone.

Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Mwanangu, ntu akikaa humu atazama wapi?"

"Huku, mama." Nikaonesha kwa kidole. Huku ni kaskazini, na kwetu kaskazini ndiko kibla. Mimi ninayesali kuelekea huko mara tano kwa siku, nimempangia mama yangu aende haja ameelekea huko huko.

"Kigeuze," akasema.

Nikikigeuza kinapanda juu ya jiko. Nikikisogeza kinaziba mlango wa mama. Nikaburuta hiki, nikaburuta kile, mpaka machozi yakanilenga, tena kwa sababu ya choo. Mahali palikuwapo. Tulipaona sote wawili, kila mmoja akimngoja mwenzake aseme.

Akasema yeye. "Hichi chako kitoe. Weye utalala na mie."

Nina miaka arobaini na sita na sijapata kuwa na mlango wa kuufunga mwenyewe. Nilikasirika, nikaona haya kukasirika.

"Haya, mama."

Nikaufuta mraba wangu, nikakiburuta choo hapo kikakaa kikitazama mashariki. Ramani nikamtumia kaka kwa simu. Hakukawia kujibu. Alisema nimeipanga vizuri sana, kila kitu kimo.